Kabla ya kumsema mpiga gitaa, shusha skrubu ya waya namba mbili

Jumamosi jioni nilipita kwenye mazoezi ya kwaya moja huku Nkuhungu, Dodoma, nikamkuta dogo wa gitaa anasemwa mbele ya watu wote. Kisa waya namba mbili. Kila akiigusa inapasua kwenye spika kama mtu kagonga bati, namba tatu ikifuata haisikiki kabisa, na mtu wa mitambo anamwambia mkono wako mzito, nenda kajifunze kupiga ndo uje kuchomeka jeki. Dogo kainamisha kichwa tu. Gitaa kavu, lile lisilo la umeme, kanunuliwa na mama yake, pikapu ya kwenye tundu, kile kidude kinachonasa mtikisiko wa waya na kuupeleka kwenye spika, kajinunulia mwenyewe kwa hela ya kuuza zabibu barabarani.

Iliniuma, maana na mimi niliambiwa maneno hayohayo nikiwa na umri wake, nikakaa karibu mwaka mzima najilazimisha kugusa waya moja taratibu kuliko wenzake, mpaka mkono ukazoea vibaya na kuurudisha ilikuwa kazi.

Jamani, chomoeni jeki kwanza. Dogo apige bila umeme, waya moja moja, sita zote. Kama masikioni zinalingana, mkono wake hauna kosa. Nilimwambia afanye hivyo palepale na zililingana.

Pikapu ile ni sumaku na koili, haisikii mbao, inasikia chuma kinachotikisika juu yake. Sasa angalia waya za gitaa kavu. Namba moja, ile nyembamba kuliko zote, na mbili ni chuma kitupu. Kuanzia tatu mpaka sita ni kiini chembamba cha chuma kilichozungushiwa bronzi, na bronzi sumaku haina habari nayo. Kwenye seti ya kawaida ambayo namba moja ina unene wa inchi 0.012, namba mbili ina inchi 0.016 na yote ni chuma, namba tatu ina 0.024 lakini ukivua bronzi kiini chake ni chembamba kuliko namba mbili. Yani waya inayoonekana nene ndo yenye chuma kidogo, kwahiyo mbili inapiga kelele tatu inapotea, na hata angekaa pale mpigaji wa miaka arobaini ingekuwa hivyohivyo.

Af mtu wa mitambo anakimbilia ekwalaiza, vile vitufe vya kwenye mikisa vya kupandisha na kushusha sauti nene na nyembamba. Hapa ndo huwa nachoka, kwasababu ekwalaiza haijui waya, inajua noti. Namba mbili ikipigwa wazi inatoa hezi 247 hivi, yani inatikisika mara 247 kwa sekunde, na namba tatu ukiibana freti ya nne, kile chuma cha nne cha shingoni, inatoa noti hiyohiyo, hezi 247. Ukishusha hapo umeishusha mbili na umemzika tatu ambaye tayari alikuwa hasikiki, halafu gitaa zima linabaki halina mwili, waimbaji wanaanza kutafuta sauti ya kushika hawaioni, na lawama zinarudi kwa dogo. Tatizo la milimita mbili chini ya waya huwezi kulitibu kwenye mikisa iliyo mita kumi mbele. Nguvu ya sumaku inapungua haraka sana ukiisogeza mbali kidogo tu, kwahiyo dawa ni umbali.

Wazee wa Kigogo huku Chamwino wakishika ilimba, ile ala ya vijichuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kijichuma kisichokaa sawa wanakisogeza hapohapo kwenye ubao wake, hawamwambii mtu apunguze vidole.

Pikapu ya dogo ilikuwa na skrubu sita, moja chini ya kila waya, ukiishusha inakaa mbali na waya wake, zimejaa vumbi, hakuna aliyewahi kumwambia kazi yake. Tukaazima bisibisi ndogo kwa fundi simu wa jirani. Namba mbili nikaishusha robo mzunguko, sikiliza, robo tena, mpaka mzunguko mmoja na nusu. Namba moja kidogo. Tatu nikaipandisha nusu, nikaangalia akibana freti ya mwisho na kupiga kwa nguvu waya isigonge skrubu. Dakika kumi na tano haziishi.

Kama yako haina skrubu, legeza vibanio, uilaze upande wa waya nyembamba ushuke, weka kipande cha sponji ikae hapo. Ikishindikana badili waya, chukua zilizozungushiwa nikeli, nikeli sumaku inaiona, ila sauti ya gitaa likiwa bila umeme itapungua mng'ao kidogo. Za nailoni usijaribu, hutasikia kitu.

Nakubali kuna wapigaji wenye mkono mbaya kweli. Na nakubali piezo, pikapu isiyotumia sumaku inayokaa chini ya daraja, haina tatizo hili la chuma na bronzi, ila iweke mbele ya spika za kanisani uone inavyoanza kuvuma, ndo maana bado nawaambia vijana pikapu ya tundu siyo ya kudharau.

Tulipomaliza dogo akapiga tena uleule wimbo aliosemwa nao. Akasimama katikati, akarudia waya namba tatu peke yake mara nne tano, akaniangalia akasema, "Kaka, kumbe huwa naipiga." Mwalimu wa kwaya alikuwa amesikia. Mtu wa mitambo alikuwa bado ameshika ekwalaiza, nikamwomba airudishe yote sifuri.