Treni ya Ijumaa Jioni

Nilihamishiwa Dodoma mwezi Februari kutoka manispaa moja ya Dar es Salaam, ambako nilikuwa ofisa mipango kwa miaka saba, na yeyote aliyewahi kufanya kazi wizarani atajua kwamba huo si mwezi wa kumpokea mgeni. Machi kamati za kudumu za Bunge huyapitia makadirio ya wizara, Aprili Bunge la bajeti huanza, na kuanzia hapo hadi mwisho wa Juni idara ya mipango mara nyingi haina Jumamosi. Mezani nilikuta faili nne zenye madokezo ya watu nisiowajua, pamoja na swali la mbunge lililotakiwa kujibiwa kabla ya saa kumi.

Jibu la msingi la swali la mbunge si kazi kubwa. Kazi imo kwenye maswali ya nyongeza, ambayo hayaletwi mapema, hivyo wewe uliyeko ofisini unapaswa kuyabashiri na kumwandalia Waziri takwimu za kujibia mambo ambayo bado hayajaulizwa. Wiki ya tatu niliweka takwimu za mwaka wa fedha uliopita mahali pa mwaka unaoendelea. Mkurugenzi hakunifokea, alirudisha dokezo likiwa na alama moja ya kuuliza pembeni, na alama ile iliniuma kuliko karipio.

Takwimu sahihi nilikuwa nazo. Tatizo ni kwamba ilikuwa Ijumaa, na tangu asubuhi akili yangu ilikuwa stesheni.

Tangu treni ya SGR, ile ya reli mpya ya kisasa, ianze kufika Dodoma, Julai 2024, safari ya Dar es Salaam iliyokuwa ikimeza siku nzima ndani ya basi imekuwa ya saa nne hivi, na sisi wageni tumeipokea kama dawa. Kila Ijumaa nilikuwa natoka Mtumba, uliko Mji wa Serikali wenye ofisi za wizara, na begi begani, narudi Jumapili usiku, na Jumatatu naamka katika chumba chenye godoro, ndoo mbili na pasi. Nilijisifu kwamba naimudu kazi mpya bila kuitupa familia. Mama mmoja wa masijala, aliyeniona nikilibeba begi lile kwa mara ya nne au ya tano, aliniambia, "Mwanangu, wewe hujahamia. Umekuja safari ya kikazi, ila hulipwi posho."

Nilicheka, lakini alikuwa amesema kweli, na nadhani kweli hiyo haituhusu sisi wa leo peke yetu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka arobaini wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam, huku watu wakipanda Dodoma kwa ajili ya vikao vya Bunge na kuteremka pwani vinapokwisha. Baada ya Serikali kuanza kuhamia kwa dhati kufuatia agizo la mwaka 2016, majengo ya Mji wa Serikali yalisimama haraka kuliko mazoea yetu yalivyobadilika. Bado tunasema "naenda nyumbani" tukimaanisha mahali tunapolala siku mbili kwa wiki.

Mwezi Mei niliamua kusafiri mara moja tu kwa mwezi. Nilihamia nyumba ya vyumba viwili Nzuguni, nikanunua simtanki kwa sababu maji huja kwa zamu, nikajifunza kupaka mafuta midomo na visigino maana upepo wa huku hauna huruma kwa ngozi ya mtu wa pwani, na Jumamosi nikawa naenda soko la Majengo kununua mlenda, ambao mwanzoni niliudharau. Jumapili asubuhi, ofisi ikiwa kimya, nilisoma faili za miaka mitatu nyuma hadi nikajua kwa nini mradi fulani huulizwa kila mwaka. Maswali ya nyongeza yakaanza kubashirika.

Najua nitakachojibiwa: maneno haya ni mepesi kwa asiye na mke wala watoto. Mimi ninao. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na aliomba uhamisho wa kumfuata mwenza wiki ileile niliyoripoti. Simlaumu mtumishi yeyote anayekimbilia treni kwa sababu wanawe wako upande wa pili wa reli, lakini nawalaumu wanaosaini uhamisho wa mmoja kwa wiki mbili na kuuacha wa mwenzake ukizunguka mezani kwa miezi. Barua ya mke wangu ina mwezi wa saba sasa. Mara ya mwisho kuuliza, niliambiwa ipo kwa ofisa ambaye Ijumaa ile alikuwa amewahi treni.