Kwani alikuwa anakwenda wapi?

Jumamosi asubuhi kijiweni kwetu Magomeni nilifanya kosa la kusoma habari za biashara kwa sauti. Kahawa ilikuwa ya moto bado, kashata haijafika, nami nikaona niwape wazee la kuzungumza. Nikawasomea kwamba Januari 2025 Goldman Sachs, ile benki kubwa ya New York, ilimpa mtendaji wake mkuu, David Solomon, hisa za dola milioni 80. Na namba mbili wake, John Waldron, naye kapewa za milioni 80. Mshahara uko palepale na bonasi iko palepale. Hizi ni za kuwabakiza tu: wakae miaka mitano, hisa zikomae, wachukue chao.

Mzee mmoja aliyekuwa kainamia bao hata hakuinua macho. Akasogeza kete zake, akauliza, "Mwanangu, kwani walikuwa wanakwenda wapi?"

Nimesomea uhasibu. Nimekaa benki miaka tisa. Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo swali la yule mzee limenikaa kichwani kama mfupa wa samaki kooni, kwa sababu karibu katika karatasi zote ambazo bodi huwaandikia wanahisa kuhusu hisa za kumbakiza bosi, hilo ndilo swali pekee lisilojibiwa. Utaambiwa uongozi imara. Utaambiwa ushindani wa vipaji. Utaambiwa maslahi ya bosi na ya mwanahisa yawe kitu kimoja. Lakini alikuwa anakwenda wapi? Nani kamwita? Barua ya kumwita iko wapi?

Kwa Waldron nitalegeza kidogo, maana huyo ni namba mbili, na namba mbili siku zote ana watu wanaomtupia macho. Solomon je? Ameshika kiti tangu Oktoba 2018. Oktoba 2021 alishapewa nyingine maalumu ya dola milioni 30, kwa hiyo hii ya sasa ni pingu juu ya pingu. Labda bodi ilihofia atahamia kwenye muziki. Sitanii, jamaa amewahi kuwa DJ, na mwaka 2022 alipanda jukwaani kwenye tamasha la Lollapalooza kule Chicago. Dola milioni 80 ni karibu shilingi bilioni 200 za kwetu. DJ wa harusi za Mbagala akisikia bei hiyo atafunga spika zake leo leo.

Lakini aliyenikera kuliko wote si Solomon. Ni Jamie Dimon, au tuseme bodi ya benki anayoiongoza, JPMorgan Chase, maana yeye aliletewa tu akapokea. Julai 2021 walimpa haki ya kuvuna ongezeko la bei ya hisa milioni 1.5. Yaani hapewi hisa yenyewe, anapewa kile kitakachozidi juu ya bei ya siku ile. Kwa hesabu za benki wenyewe, zawadi ile ilikuwa na thamani ya dola milioni 52.6. Sharti lake ni asiiguse kwa miaka mitano, mpaka 2026. Jumla ya malipo yake ya mwaka ule ikafika dola milioni 84.4.

Sasa mtazame mtu mwenyewe. Mwaka 1998 alifukuzwa Citigroup. Mwaka 2000 akakabidhiwa Bank One ya Chicago, benki iliyokuwa inayumba. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa karibu dola milioni 60 mfukoni mwake na kununua hisa milioni 2 za benki hiyo hiyo. Hakuna aliyemfunga kamba, alijifunga mwenyewe. Mimi kitendo kile nakivulia kofia mpaka leo. Ndivyo mtu anavyoonyesha kwamba yupo. Bank One ikaja kuungana na JPMorgan mwaka 2004, na mwisho wa 2005 akawa mtendaji mkuu. Kuanzia hapo hakuuza hisa zake kwa hiari mpaka 2024, na mpango wa kuuza ulipotangazwa Oktoba 2023, yeye na familia yake walikuwa na hisa takriban milioni 8.6.

Mtu wa namna hiyo, aliyekuwa na umri wa miaka 65 wakati ule, aliyeijenga benki mpaka ikawa kubwa kuliko zote Marekani, mwenye mali yake nyingi ndani ya benki hiyo hiyo, ndiye bodi inakaa kikao kumtafutia cha kumzuia asiondoke. Ni kumhonga samaki asitoke majini.

Na usiniambie eti ni kumtia hamu ya kazi. Tupige hesabu. Mwaka 2021 hisa ya JPMorgan ilikuwa karibu dola 150. Mwaka 2025 imepita 300. Kile kipande cha kumbakiza kimemzalia zaidi ya dola milioni 200, sawa. Lakini hisa zake za zamani, zile alizokuwa nazo tayari, kupanda huko huko kumemwongezea takriban dola bilioni moja. Bilioni moja hiyo haikutosha kumwamsha asubuhi aende kazini? Ikabidi zipatikane milioni 200 nyingine ndipo avae viatu?

Wanahisa nao waliliona. Mei 2022 walipopigia kura malipo ya wakubwa, waliounga mkono walikuwa asilimia 31 tu. Benki nyingi hazijawahi kuaibishwa hivyo. Ila kura yenyewe, kwa sheria ya Marekani ya 2010, ni ya ushauri. Umeshauri, ahsante, kaa chini. Zawadi ikabaki palepale. Baadaye bodi ikatangaza kwamba haitampa tena Dimon tuzo maalumu, kama mtu aliyefuta sahani ya pilau kisha akaapa kwamba kuanzia kesho hali mchele.

Kule Goldman, Aprili 2025, malipo yalipita kwa asilimia 66 hivi, ingawa washauri wakubwa wa wanahisa walisema msikubali, kwa sababu hisa zile hazina kipimo chochote cha kazi. Kipimo ni kuwepo tu. Kuwa hai na kuwa ofisini.

Elon Musk simweki fungu hili. Yeye Januari 2024 alisema hadharani kwamba asipopewa asilimia 25 ya kura za Tesla, mambo ya akili bandia atakwenda kuyafanyia kwingine; Agosti 2025 bodi ikampa hisa milioni 96. Huo ni ubabe, lakini angalau mzee wa bao angepata jibu lake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kulipa kwa hisa ni bora kuliko kulipa taslimu. Kampuni ikianguka, bosi anaanguka nayo. Nakubali pia kwamba wapo watendaji wa kampuni ndogo wanaonyatiwa kweli, na hao ukiwafunga kwa hisa umefanya akili. Lakini hebu tuwe wakweli: bodi ikisema "tukimkosa huyu tumekwisha," hilo ni ungamo. Kazi ya bodi ni kuwa na mrithi tayari. Umekaa na mtu miaka kumi na tano, hujaandaa wa kumpokea, halafu kosa lako unalifidia kwa hisa za watu wengine! Kila hisa mpya anayopewa bosi inampunguzia kidogo mwalimu mstaafu wa Ohio ambaye pensheni yake imewekwa humo.

Labda nina kinyongo. Niseme kilikotoka.

Benki niliyofanyia kazi, sitaitaja, kulikuwa na kaka mmoja wa kaunta namba tatu. Miaka kumi na moja dirishani. Wateja wa Kariakoo walikuwa wanaacha foleni ya watu watatu wanajiunga kwenye yake yenye watu tisa, kwa sababu alikuwa anahesabu noti kama anachanga karata na hakosei, na akimwona mama muuza vitenge anamuuliza kwanza hali ya mtoto aliyelazwa. Akapata kazi kwingine, mshahara umezidi kidogo. Akaenda kwa meneja kiungwana: "Bosi, mkiniongeza hata nusu ya hiyo nabaki." Nilikuwepo, nimeshika faili la upatanisho, sikujua nitazame wapi. Akajibiwa, "Kaka yangu, mlango uko wazi. Hapa mezani nina CV mia mbili."

Notisi ya siku 28 akaimaliza yote, hakukwepa hata siku moja. Siku ya mwisho tulichanga elfu tano tano tukamnunulia keki na saa ya ukutani. Meneja alitoa hotuba nzuri sana kuhusu familia.

Kule alikohamia hakudumu. Siku hizi ana kibanda cha wakala, mitandao yote na benki tatu, ng'ambo ya barabara kutoka tawi letu la zamani. Nilipita wiki iliyopita kutoa hela, nikasimama mtu wa sita kwenye foleni. Mama wa vitenge alikuwa mbele yangu. Saa yetu imetundikwa juu ya kichwa chake, imechelewa dakika kama tano, na anakataa kuirekebisha.