Jalada la Mbuzi na Wimbo wa Auschwitz: Kesi Mbili za Albamu Moja

Tarehe 7 Oktoba 1986 kundi la Slayer la California lilitoa Reign in Blood, albamu yake ya tatu na mojawapo ya nguzo za muziki wa metali wa mkondo wa kasi na ukali uitwao thrashi: nyimbo 10 zinazokwisha kwa dakika 29 hivi, kiasi kwamba zote zilienea kwenye upande mmoja wa kaseti. Nusura isifike madukani. Kampuni ya Columbia, waliokuwa wakisambaza kazi za Def Jam, lebo ya bendi hiyo, waliikataa kwa sababu ya mchoro wa jalada na maneno ya nyimbo, hata kampuni ya Geffen wakaichukua, nao hawakuiweka kwenye ratiba yao ya kazi mpya. Tangu hapo mashtaka hayo mawili yamekuwa yakisikilizwa kama kesi moja, ilhali kila moja linastahili hukumu yake.

Jalada ni kazi ya Larry Carroll, mchoraji aliyezoea kuchora picha za siasa magazetini. Katikati ya rangi nyekundu na kahawia iliyokolea ameketi kiumbe mwenye kichwa cha mbuzi, juu ya kiti kilichobebwa mabegani, na chini yake kuna dimbwi la damu na vichwa vya watu. Wenye kupinga walisema kwamba picha hiyo inamtukuza shetani na kuwapotosha vijana, na kauli yao haikuzuka hewani, kwa kuwa Septemba 1985 kamati ya Baraza la Seneti la Marekani ilikuwa imefanya kikao kizima kuhusu muziki ambao wazazi waliuona kuwa hatari kwa watoto. Mimi nimeitazama picha hiyo mara nyingi, na kila mara jicho langu huishia kwa wachukuzi. Mtawala hatembei kwa miguu yake. Amebebwa, na walio chini ya mzigo ni wale wale wanaozama. Kwa mchoraji wa siasa, hiyo ni kauli inayoeleweka kuhusu mamlaka, hata kama bendi yenyewe haikuiwazia hivyo. Carroll alisimulia kwamba mwanzoni hawakuipenda, mpaka mmoja wao alipomwonyesha mama yake, mama akachukizwa, nao wakajua wamepata walichokitaka. Nia ya kuudhi ilikuwepo, basi, lakini picha ya kutisha ya kiumbe wa kubuni haimdhulumu mtu yeyote aliyepata kuishi, na kwa sababu hiyo naona Columbia hawakuwa na hoja ya maana dhidi ya jalada.

Wimbo wa kwanza, Angel of Death, ni jambo zito zaidi. Baada ya gitaa za utangulizi unakuja ukelele mrefu wa mwimbaji Tom Araya, na neno la kwanza analolitamka ni Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Kinachofuata ni maelezo ya mateso yaliyofanywa kambini humo na daktari Josef Mengele, aliyewageuza watoto mapacha kuwa vifaa vya majaribio. Mpiga gitaa Jeff Hanneman, aliyeuandika baada ya kusoma vitabu kuhusu Mengele, alijitetea kwamba hakuona haja ya kumwambia msikilizaji kuwa mtu huyo alikuwa mwovu, kwa kuwa jambo hilo liko wazi. Hoja hiyo ina uzito. Mwandishi anayeeleza ukatili bila kuhubiri huwa anamheshimu msomaji wake, na prodyuza Rick Rubin, aliyetoka kwenye hip hop, aliusafisha muziki ukabaki mkavu, bila mwangwi wa kujificha ndani yake, hivi kwamba kasi ya ngoma za Dave Lombardo inatia hofu badala ya raha.

Hata hivyo, mwaka 1986 baadhi ya mapacha waliookoka walikuwa hai, watu wa makamo. Mabaki ya Mengele yalikuwa yametambuliwa nchini Brazil mwaka mmoja tu nyuma, naye alikufa huko mwaka 1979 bila kufikishwa mahakamani. Lililo wazi kwa Hanneman huenda halikuwa wazi kwa kijana wa miaka 14 aliyenunua kaseti kwa ajili ya kasi yake. Isitoshe, Hanneman alikusanya nishani za Wanazi, baadhi zikiwa zimeletwa na baba yake aliyepigana dhidi ya Wajerumani, na klabu ya mashabiki iliitwa kwa jina lililochezea lile la jeshi la Hitler. Watetezi hujibu kwamba Rubin ni Myahudi, Araya ni mzaliwa wa Chile na Lombardo wa Kuba. Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu asili ya mtu haiyasafishi maneno yake. Wimbo wenyewe nautetea. Mchezo wa alama uliouzunguka siutetei, kwa kuwa ndio uliowapa wapinzani haki ya kuuliza bendi iko upande gani.

Katazo la Columbia halikulijibu swali hilo. Albamu ilifika nafasi ya 94 kwenye chati ya Billboard, ikapata cheti cha dhahabu mwaka 1992, na mbuzi akawa sura ya mabango na fulana. Wapinzani walimwandama yeye, huku mzaha wa jina la klabu ukipita bila kuhojiwa ipasavyo, nao ndio uliowahusu watu wenye makovu halisi.