Nilijifuta Kwenye Daftari la Sheha

Nina kibanda cha picha Darajani, Unguja, na kompyuta moja iliyobeba harusi za nusu ya mji. Kila Ijumaa baada ya sala naifanyia bekapu, yaani nakala ya akiba, kwenye diski ya nje. Ijumaa ile bekapu ikagoma: 0x80070002. Yaani Windows inatafuta kitu na hakionekani.

Mchawi nikamjua. Kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi alishaondoka, nami nikafuta folda lake kwa mkono. Jina likabaki kwenye rejistri, daftari la ndani la Windows, kwenye orodha ya watumiaji iitwayo ProfileList. Mtu kahama shehia, nyumba imevunjwa, lakini kwenye daftari la sheha bado yumo. Bekapu ikipita inabisha hodi kiwanjani.

Dawa ni kufuta jina. Na mimi si mjinga, kwanza nikafanya Export, yaani nikatoa nakala ya orodha ile, faili lake la .reg nikaliweka kwenye desktopu, mbele ya macho. Nikajisifu kidogo.

Vifolda vya watu ndani ya orodha vilikuwa viwili, majina yao ni namba za utambulisho: vyote S-1-5-21 na mkia mrefu wa tarakimu. Changu kinaishia 1001, cha kijana 1004. Nikasoma ProfileImagePath, mstari unaosema folda la mtumiaji liko wapi, nikahakikisha. Ndipo akaingia mama wa bibi harusi.

"Mwanangu, albamu yangu?"

"Kesho inshallah, mama."

"Kesho ipi? Na juzi ulisema kesho."

Nikamgeukia kumbembeleza, huku nyuma kidole kikabonyeza Delete, kikajibu Yes. Nikawasha upya.

Kompyuta ikanisalimia "Hi" kama mgeni aliyeshuka botini. Desktopu tupu, haina hata picha moja ya pasipoti. Mama yuko begani kwangu.

"Na harusi ya mwanangu?"

Loo! Nimefuta 1001. Nimejitoa shehiani mwenyewe! Na faili la kuniokoa? Lipo kwenye desktopu, desktopu ya mtu asiyekuwepo.

Mama akavuta kigoda, akaagiza kahawa. Mimi jasho. Nikaingia Users, folda linalohifadhi mafolda ya watumiaji wote, kinyumenyume, kumbe folda langu la zamani lipo, harusi zote zimo. Nyumba nzima, jina tu limefutwa. Nikafungua Desktop yake, nikabofya lile faili mara mbili, nikawasha upya. Vyote vikarudi, na 0x80070002 nayo ikarudi, maana 1004 hakuguswa.

Safari hii mama alivaa miwani, akaweka kidole chenye hina kwenye kioo, akasoma tarakimu moja moja kwa sauti.

"Nne," akasema. "Haya, bonyeza. Na usinitazame mimi!"