Anakojoa Yeye, Nafua Mimi

Kibofu cha mtoto wa miaka minne, wanasema wanaojua, hubeba kama mililita 150. Basi. Hata glasi haijai! Sasa naomba mtu mzima mwenye akili zake anieleze: hiyo glasi isiyojaa inapataje kulowesha shuka la kulalia, shuka la kujifunika, blanketi, mto, mdoli na pajama zote mbili, ya juu na ya chini, halafu ikabaki ya kunilowesha mimi ninayekuja kumwinua? Mimi nikimwaga glasi ya maji mezani, kitambaa kimoja kinamaliza kazi. Huyu mwanangu, bomba la zimamoto linasubiri.

Na hakubali kesi. Saa nane usiku anakuja kunisimamia kichwani.

"Baba."

"Nini?"

"Kuna mtu kamwaga maji kitandani kwangu."

Mtu! Milango imefungwa kwa komeo, madirisha yamefungwa, lakini kuna mtu kaingia, kaipita televisheni, kaipita simu yangu, kaenda moja kwa moja kumwaga maji kwenye kitanda cha mtoto, tena maji ya moto. Mama watoto hapo hasikii lolote. Mtoto akikohoa mara moja nyuma ya milango miwili, anaruka kitandani. Ila neno "maji" likitajwa, usingizi wake unazidi kuwa mzito.

Tulianza kwa kutandika nailoni. Nailoni kwa kuzuia mkojo usiingie kwenye godoro, siipingi, inazuia. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba mkojo ukizuiwa kwenda chini unatafuta pa kwenda. Unatambaa juu ya nailoni polepole, unafika ukingoni, unadondokea ndani ya ndala zangu. Tena nailoni ina kelele. Mtoto akijigeuza, chakacha-chakacha, nyumba nzima inaamka isipokuwa yeye. Na joto lake! Asubuhi amelowa jasho mpaka huwezi kujua hii ni kesi ya mkojo au la.

Kitu cha maana ni kile kifuniko cha godoro chenye kitambaa juu na utando usiopitisha maji chini yake, chenye lastiki pembeni kama shuka la kubana. Hakipigi kelele, hakitelezi. Ila nacho kina masharti yake: usikichemshe, usikipige pasi, maana moto mkali unaharibu utando, na siku hiyo ndiyo utajua kuwa umenunua shuka la kawaida.

Halafu kuna mbinu ya matabaka, na aliyeigundua angekuwa jirani yangu ningemwamkia kila asubuhi hata kama ni mdogo kwangu. Unatandika kifuniko, juu yake shuka, juu ya shuka kifuniko cha pili, juu yake shuka la pili. Usiku gharika ikija, huwashi taa, hutafuti shuka kabatini: unang'oa yale mawili ya juu, unayatupa kwenye beseni, chini kumeshatandikwa, mtoto analala. Tatizo ni kutandika mchana. Kona nne mara matabaka manne ni kona kumi na sita, na ukimaliza ya mwisho, ya kwanza imefyatuka.

Godoro likipatwa na balaa kabla hujaweka kinga, hapo ndipo kila mtu anakuwa profesa. Jirani mmoja kanishauri nimwagie dawa ya kung'arishia nguo, ile ya klorini. Hapana, ndugu yangu. Mkojo ukikaa, bakteria huivunja urea yake ikawa amonia, ndiyo ile harufu inayokuchoma puani. Na klorini ikikutana na amonia inatoa hewa ya sumu. Nimepata mtoto anayekojoa, sijapata hamu ya kufa. Linalofanya kazi ni la kawaida: kandamiza taulo kavu linyonye kwanza, usisugue, maana ukisugua unausukuma ndani zaidi. Kisha siki nyeupe iliyochanganywa na maji, kisha unga wa bikaboneti, ule wa kuumulia keki, uache mpaka ukauke kabisa, ndipo ukung'ute. Mashuka yaanze na maji baridi.

Kisha godoro litoke nje. Jamani, godoro la sponji lililolowa halibebeki, linakukumbatia. Na ukishaliegemeza ukutani, ramani hiyo hapo, watu wote wanaisoma. Wanajifanya wanakusalimu, macho yako kwenye godoro. Mwenye ramani yake wala hana habari, amesimama kando anawaonyesha wenzake: "Lile pale ni langu!"

Ushauri mwingine ni wa kumnyima maji. Mtoto ashinde na kiu ili mimi nilale? Anywe mchana vya kutosha, apunguze tu karibu na kulala, na chai na soda za usiku zisahaulike. Wengine wanasema mwamshe umpeleke chooni. Nampeleka. Anakojoa kasimama, macho yamefumba, kichwa kimelala begani kwangu. Namrudisha. Baadaye kidogo, chwaa! Hayo mengine alikuwa kayaweka wapi? Maelezo yake yapo: kuna homoni ambayo ubongo huitoa usiku kuziambia figo zipunguze kazi, na kwa watoto wengine bado ni kidogo. Figo zake zinapiga zamu ya usiku kwa bidii ambayo ningependa niione kwenye kuokota midoli. Juu ya hapo ana usingizi usiosikia kibofu kikigonga hodi. Kwa hiyo ukimchapa unamchapa mtu ambaye hakuwepo.

Na kabla ya miaka mitano madaktari wala hawashtuki. Wanachotaka kusikia ni kama mtoto alishakaa mkavu miezi sita kisha akaanza tena, au anaumia akikojoa, au ana kiu isiyoisha, au hapati choo vizuri, maana choo kikijaa kinakibana kibofu. Wangu hana hata moja. Ana afya tele, na yote anaimwaga kitandani.

Mama watoto kasoma mahali kwamba mambo haya hurithiwa. Mzazi mmoja akiwa aliwahi kuwa kikojozi, uwezekano wa mtoto kuwa hivyo ni takriban asilimia 44. Wakiwa wote wawili, 77. Kampigia simu mama yangu mzazi. Sijui wameongea nini, ila walicheka muda mrefu, na tangu siku hiyo nikilalamika kuhusu mashuka ananitazama tu.

Sasa kituko kipya. Baada ya matabaka yote hayo, kitanda cha mtoto kikiwa ngome isiyopitisha tone, bwana mdogo kaamua anaogopa giza. Anahamia kwetu. Kitanda chetu hakina kifuniko, hakina tabaka, kina mimi, na mimi nimewekwa katikati.

Nimeagiza kifuniko cha kitanda kikubwa. Kikiwa bado njiani, nimemwachia mama watoto taulo mbili na sehemu yangu, nimekwenda kulala kwenye kile kitanda kidogo. Miguu inaning'inia nje tangu magotini, mdoli uko mbavuni, lakini pakavu, bwana! Nikiwa ndiyo kwanza nimepitiwa, mlango ukafunguliwa. Kumbe kaja kuchukua mdoli wake. Akauvuta, akanitazama nilivyojikunja pale, akanifunika blanketi vizuri.

"Baba, usinikojolee kitanda changu."