Sili Aweza Kubadili Chakula, Lakini Azae Wapi?

Desemba 2012 Marekani iliwaingiza sili wa pete, wanyama wa baharini wanaonyonyesha wenye miviringo hafifu mgongoni, katika orodha ya wanyama wa kulindwa kwa sababu ya kuyeyuka kwa barafu ya bahari. Jimbo la Alaska na wadau wa mafuta wakaenda mahakamani. Walishinda mwanzo, wakashindwa kwenye rufaa mwaka 2018. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: mnyama aliyejaa Aktiki, eneo la barafu la ncha ya kaskazini, kwa mamilioni, mbona aitwe wa hatarini?

Tena wana pa kushika. Sili wa pete hachagui sana: hula samaki wadogo wenye mafuta wanaoishi chini ya barafu, na hula pia uduvi wa aina nyingi. Bahari ikipata joto na samaki wa kusini wakasogea juu, atakula hao. Watafiti waliopima sili waliowindwa na wenyeji wa Alaska mwanzoni mwa karne hii hawakukuta wanyama waliokonda. Svalbard, visiwa vya Norwei huko Aktiki, barafu ilipopungua ghafla mwaka 2006, sili walibaki, ila walipiga mbizi kwa muda mrefu zaidi na kupumzika kidogo. Riziki ipo, jasho limeongezeka.

Kwangu mimi, mjadala wa tumbo unatupotezea shabaha. Kigumu ni chumba cha uzazi. Jike huchimba pango ndani ya theluji iliyorundikana juu ya barafu, karibu na tundu lake la kupumulia, na humo humnyonyesha mtoto kwa wiki kama sita. Manyoya meupe ya mtoto huhifadhi joto yakiwa makavu. Yakilowa hayamfai kitu. Sasa barafu ikichelewa kuganda, theluji ya mwanzo wa msimu huishia majini, na pango hukosa paa nene. Mvua ikinyesha mapema, paa hubomoka, na dubu mweupe hahitaji tena kubahatisha. Hakuna samaki mgeni wa kuziba pengo hilo.

Kusini, upande wa Antaktika, mambo hugeuka. Huko sili mla-kaa, ambaye kwa kweli hali kaa, hutegemea krili, viumbe wadogo mfano wa uduvi, karibu kwa kila mlo, na makinda ya krili hula mwani ulioota chini ya barafu wakati wa baridi. Yeye ndiye wa kuhofiwa njaa. Lakini tembo-bahari, sili mkubwa kuliko wote, aliwahi kuzaliana pwani ya Victoria Land, Antaktika, zama ambazo barafu ilikuwa chache, akaondoka ilipozidi. Kwake joto laweza kufungua fukwe.

Hivyo nakubali kwamba si kila sili atapoteza. Nisichokubali ni kuwahesabu waliopo leo na kuishia hapo. Sili wa pete huweza kuishi zaidi ya miaka 20, na jike aliyepoteza watoto misimu mitano mfululizo bado huhesabiwa kuwa mmoja.