Bomba la mafuta, mvua na rangi ya fulana

Kwenye kibanda kimoja cha chai pale Kigumba, Uganda, mzee mmoja alikuwa akimwambia kijana wa bodaboda, "Zamani Machi ikifika jembe liko mkononi. Siku hizi tunatazama mawingu tu." Kijana akaitikia, "Kweli mzee, mvua imeharibika." Mzee alikuwa na fulana ya njano ya chama tawala, NRM, kijana nyekundu ya upinzani. Hawakubishana hata kidogo, mpaka redio ilipotaja bomba la mafuta. Kijana akasema litamaliza ardhi ya watu. Mzee akajibu kwamba wanaolipinga wametumwa na Wazungu.

Hapo ndipo tunapotofautiana na Marekani. Kule hata kukubali kwamba hali ya hewa inabadilika kunategemea sana chama chako: Trump alitangaza kujitoa katika Mkataba wa Paris wa kupambana na mabadiliko ya tabianchi mwaka 2017, Biden akairudisha nchi 2021, Trump akaagiza kujitoa tena 2025. Kwetu Uganda mkulima hahitaji chama kimwambie kwamba majira yamevurugika. Siasa huingia kwenye swali la pili: nani alaumiwe, na nani ana haki ya kuuliza.

Hoja ya serikali ina uzito, na sipendi inapobezwa. Bomba hilo la kilomita 1,443 litatoa mafuta Hoima hadi Tanga. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulikosoa, na Naibu Spika wetu, Thomas Tayebwa, akaliita ukoloni mamboleo. Mwaka huohuo Ujerumani ilikuwa ikiwasha upya mitambo ya makaa ya mawe baada ya gesi ya Urusi kukatika. Mtu aliyetajirika kwa moshi akija kukukataza kuwasha moto wako, lazima uudhike.

Lakini hoja inayomshinda mbunge wa Ulaya haimsaidii mtu wa Bududa, wilaya ya milimani mashariki mwa nchi. Machi 2010 mlima uliporomoka katika kijiji cha Nametsi ukafukia watu na nyumba zao, na maporomoko yakarudi wilaya hiyo Oktoba 2018. Pale hakuna Mzungu wa kubishana naye. Kuna mteremko uliolimwa mpaka juu, familia zisizo na shamba lingine, na mvua inayomwagika kwa nguvu. Anayeuliza fedha za mafuta zitawahamishia wapi watu hao anauliza swali la maendeleo hasa. Hata hivyo wanafunzi walioandamana Kampala kupinga bomba walikamatwa, na jina la kibaraka likawaganda.

Upande wa pili nao una doa. Ni rahisi kupigia kelele bomba na kunyamazia makaa. Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini, jambo ambalo viongozi wa Acholi walikuwa wakililia. Lakini gunia linalotoka kaskazini linapikia Kampala, kwa wa njano na kwa wa nyekundu. Kumwambia mama anayenunua makaa ya kopo moja aache, bila gesi anayoweza kuimudu, ni kumwongezea mzigo.

Kabla sijaondoka nilimuuliza yule mzee kama ni kosa mtu kuhoji mafuta. Akafikiri, akaweka kikombe chini. "Akiwa mwana wa hapa, aulize." Nikamwambia wale wanafunzi ni wana wa hapa. Hakunijibu, ila safari hii hakutaja Wazungu.